Uharibifu, Kuharibika na Kuliwa: Tatizo la Istilahi za Mbao katika Majengo ya Urithi

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na ule wa Lamu mwaka 2001. Katika miji yote miwili dari hubebwa na boriti za mikoko, na mafundi wake huzungumza Kiswahili. Hata hivyo, ripoti za ukaguzi aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. Zinapotafsiriwa, neno uharibifu hubebeshwa kila kitu, kuanzia kuoza hadi kupauka.

Uteuzi huo una kasoro ya kimofolojia. Uharibifu umetokana na haribu, kitenzi kinachodai mtenda. Boriti iliyopasuka kwa kukauka haina aliyeiharibu. Kuharibika kungefaa kuwa istilahi ya jumla, na uharibifu ukabaki kwa kazi ya mkono wa mtu, ukiwemo ukarabati mbaya (ambao si haba).

Lugha ya mafundi nayo haipaswi kupokewa bila kuchujwa. Mchwa hula mbao kwa ndani na kuacha ganda. Dumuzi huacha matundu na unga. Kuvu huozesha, hasa ncha ya boriti iliyozama katika ukuta wa mawe ya matumbawe unaofyonza maji. Boriti hizo zote zaweza kuelezwa kuwa zimeliwa. Neno ni zuri, lakini linaficha visababishi vyenye tiba tofauti: mkaguzi akiandika kuliwa, mkandarasi anaweza kupuliza dawa ya wadudu mahali palipohitaji kuzibwa paa linalovuja. Kubunguliwa kutengwe kwa wadudu, na kuoza kwa kuvu.

Dhaifu zaidi ni tafsiri sisisi kama uozo mkavu. Kuvu haistawi katika mbao yenye unyevu chini ya takriban asilimia 20. Ukavu ni sura ya mwisho ya mbao, wala si hali iliyozaa uozo. Uozo wa kahawia hueleza kinachoonekana bila kumpotosha msomaji.

Jiwe lilipata faharasa yake ya picha kutoka ICOMOS mwaka 2008, na nguvu yake ni kutanguliza kinachoonekana kabla ya kisababishi. Faharasa ya mbao kwa Kiswahili ifuate njia hiyo: picha kwanza, kisha istilahi, kisha visawe vya Kiamu na Kiunguja. BAKITA na BAKIZA zina uzoefu wa kusanifisha. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ndiyo inayoweza kuwaketisha wanaisimu, wahifadhi na maseremala wa pande zote mbili za mpaka chini ya boriti moja.