Jicho Mwishoni mwa Mrija

Kigunduzi ndicho jicho la kromatografia ya kimiminika. Pampu husukuma kimiminika chenye sampuli ndani ya mrija mwembamba ulioshindiliwa punje laini za silika, na kemikali zilizochanganyika hutengana njiani: zinazong'ang'ania punje huchelewa, nyingine hutangulia. Mikhail Tsvet, aliyeeleza mbinu ya namna hii mjini Warsaw mwaka 1903, alitenganisha rangi za majani, hivyo macho yake yalimtosha. Sumu nyingi hazina rangi. Bila kigunduzi, hutengana zikapita pasipo mtu kujua.

Chukua mfano wa sumukuvu. Nkololo, wilayani Bariadi mkoani Simiyu, Tanzania, hulimwa pamba, mahindi na karanga. Mavuno yakihifadhiwa na unyevu huota ukungu utoao sumukuvu. Mashudu ya pamba yenye sumu hiyo yakilishwa ng'ombe, sehemu yake huingia kwenye maziwa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kiwango cha juu cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo, sawa na gramu moja katika tani 100, na aina ya B1 peke yake isizidi mikrogramu 5. Kwa pua wala ulimi, kiasi hicho hakipatikani.

Hupatikana kwa mwanga. Sumukuvu ikimulikwa na urujuanimno wa nanomita 365, nayo hung'aa: kundi la B kwa buluu, kundi la G kwa kijani. Tatizo ni maji. Kimiminika kinachopita mrijani huwa na maji mengi, na humo B1 na G1 hufifia mno, ilhali B1 ndiyo kali kuliko zote. Mafundi waliitatua shida hii kwa namna inayostahili sifa kubwa: badala ya kuyakimbia maji, waliyatumia. Baada ya mrija wa kutenganishia waliweka taa ya nanomita 254 na kuizungushia kijimrija cha Teflon. Chini ya mwanga huo molekuli ya maji hujishikiza kwenye B1 na G1, nazo zikaanza kung'aa kwa nguvu. Kijimrija chenyewe hufumwa kama sweta. Kingenyooka, kemikali zilizokwisha kutengana zingesambaa na kuchanganyika tena. Kona nyingi za mfumo huo hupunguza kusambaa. Katika vifaa vyote vya maabara, ni vichache vilivyofikiriwa kwa makini kiasi hiki.

Siku hizi diodi ndogo hutoa mwanga wa nanomita 365 kwa umeme kidogo sana kuliko taa kubwa za zamani, na kigunduzi cha sumukuvu kinaweza kujengwa kikiwa kidogo na cha bei nafuu. Kazi hiyo iko ndani ya uwezo wa wakemia na wahandisi wa vyuo vikuu vya Tanzania. Wapewe vifaa na muda, na vigunduzi vyao vijaribiwe kwa karanga na mashudu ya Simiyu.