Vitabu Vitatu vya Kusomwa na Kujadiliwa

Kazi ya kupendekeza vitabu si kuvisifu tu. Anayesifu kila kinachotoka mtamboni hamsaidii msomaji wala mwandishi. Sisi tunauliza: je, kitabu hiki kinamwezesha mfanyakazi na mkulima kuitambua hali yake na kuihoji? Kwa kipimo hicho tumechagua vitabu vitatu vya miaka ya karibuni: riwaya, tawasifu na diwani.

Cha kwanza ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya hii ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na kwa Kiswahili mwaka 2022, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Watu ambao habari hii ni yao walisubiri miaka 28 kuisoma kwa lugha yao. Hilo peke yake ni somo.

Kijana Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz, ambaye amefundishwa kumwita ami. Kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Hapa ndipo penye uzito wa kitabu. Tumezoea kusimulia kana kwamba unyonyaji ulishuka pwani pamoja na Wajerumani. Gurnah anaonyesha kwamba kabla yao tayari palikuwa na mwenye mali na mwenye deni, na kwamba unyonyaji unaweza kuvaa kanzu ya undugu. Mwishoni Yusuf anaikimbilia safu ya askari wa Mjerumani. Wako watakaolalamika kwamba mwandishi hakumwonyesha njia ya ukombozi. Sisi hatukubaliani nao: kuuonyesha mtego ulivyo ni kazi kamili. Lawama yetu ni nyingine. Wapagazi, ambao migongo yao ndiyo iliyoubeba utajiri wa misafara, wanabaki nyuma ya tajiri, na sauti zao hazisikiki vya kutosha.

Cha pili ni Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu, tawasifu ya Ali Hassan Mwinyi, iliyozinduliwa Mei 2021, miaka mitatu kabla ya kifo chake. Mwaka 1977 Mzee Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya vifo vya raia waliokuwa mikononi mwa polisi mkoani Shinyanga, ingawa hakuvitenda yeye. Kiongozi kijana asiyeijua habari hiyo hajajifunza maana ya dhamana.

Lakini heshima kwa mzee isituzuie kuuliza. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili na kupangisha nyumba. Uamuzi wa Zanzibar wa mwaka 1991, wakati wa urais wake, ulilegeza miiko hiyo. Tunashauri kitabu hiki kisomwe pamoja na matini ya Azimio, na wasomaji wajadili: nani alinufaika na kulegezwa huko, na nani alipoteza?

Cha tatu ni N'na Kwetu: Sauti ya Mgeni Ugenini, diwani ya Mohammed Ghassani, mshairi wa Pemba anayeishi Ujerumani. Ilipata tuzo ya ushairi ya Mabati-Cornell mwaka 2015. Jina lake lenyewe ni hoja: anayesema ana kwao huku yuko ugenini anawauliza waliobaki nyumbani wamefanya nini ili nyumba hiyo iwe ya wote. Tunawapendekezea hasa vijana wanaodhani ushairi ni vina na mizani tu.

Basi vitabu viko. Vitamfikiaje mkulima? Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, karibu watu milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma na kujadili pamoja. Kisha wakachimba vyoo na kufyeka mazalio ya mbu. Hawakungoja kila mtu awe na maktaba yake. Nakala moja ikisomwa kwa sauti mbele ya watu kumi huwa imenunuliwa na kumi. Kila tawi, kila shule na kila mahali pa kazi panaweza kuanza na nakala moja na jioni moja kwa wiki. Kitabu kisichojadiliwa ni mali ya ghala.