Pillaiyar ni ‘mtoto’, si ‘pembe’: Mfanano wa sauti si ushahidi

ETIMOLOJIA, yaani taaluma ya asili ya maneno, ina maradhi sugu: watu wakisikia maneno mawili yanafanana, papo hapo huyatangaza kuwa ndugu. Leo nitayatazama maradhi hayo kupitia jina moja la Kitamil, lugha inayozungumzwa kusini mwa India na nchini Sri Lanka. Jina lenyewe ni Pillaiyar.

Hivyo ndivyo Watamil wanavyomwita mungu wa Kihindu mwenye kichwa cha ndovu, ambaye wengi wanamjua kama Ganesha. Ganesha ni jina la Kisanskriti, maana yake ‘bwana wa makundi’: ‘gana’ ni kundi, ‘isha’ ni bwana. Pillaiyar si tafsiri yake. Lina habari nyingine kabisa.

Wapo wataalamu waliopendekeza kwamba huenda jina hili linahusiana na ‘pal’ au ‘pallu’, yaani jino, na kutokea hapo likafikia pembe ya ndovu. Pendekezo hili linavutia. Kwani mungu mwenyewe si ana pembe? Tena husawiriwa moja ikiwa imevunjika! Hata hivyo, si kila linalovutia ni kweli. Nina hoja tatu za kulipinga.

Kwanza, sauti. Kitamil kina ‘l’ zaidi ya moja. Ile ya ‘pal’ hutamkwa ncha ya ulimi ikigusa ufizi. Ile ya ‘pillai’ hutamkwa ulimi ukiwa umepindwa nyuma. Masikioni mwetu zinaweza kulingana, lakini kwa Mtamil hizo ni fonimu mbili. ‘Puli’ kwa ‘l’ ya kwanza ni simbamarara. Kwa ‘l’ ya pili ni ukwaju. Anayezichanganya ni sawa na anayedai kuwa ‘fahali’ na ‘fahari’ ni neno moja, ati kwa sababu fahali hutembea kwa fahari! Irabu nazo ni tofauti. Ndiyo maana T. Burrow na M. B. Emeneau, katika kamusi yao ya asili ya maneno ya Kidravidi (toleo la pili, 1984), waliyaweka maneno haya chini ya vidahizo tofauti.

Pili, umbo. ‘Pillai’ ni mtoto. Kiambishi ‘-ar’ ni cha wingi, lakini pia hutumiwa kumheshimu mtu mmoja. ‘Avan’ ni yeye, kwa mtu uliyemzoea. ‘Avar’ ni yeye, kwa heshima. Kwa hiyo Pillaiyar ni ‘mtoto mheshimiwa’, mwana wa Shiva na Parvati. Kwa Mswahili hili halipaswi kuwa geni. Neno ‘mwana’ ni mtoto, lakini pwani limekuwa pia jina la heshima kwa mwanamke, kama tunavyoona kwa Mwana Kupona.

Tatu, na hii kwangu ndiyo nzito zaidi, ni matumizi. Murugan, nduguye Ganesha, hana pembe hata moja, ila naye huitwa Ilaiya Pillaiyar, yaani Pillaiyar mdogo. Sambandar, mshairi mtakatifu wa karne ya 7 ambaye mapokeo yanasema alianza kutunga nyimbo angali mtoto, anaitwa Pillaiyar katika Periya Puranam, utungo wa karne ya 12. Je, naye alikuwa na pembe?

Wengine hukimbilia Kipali, ambako ‘pillaka’ ni mtoto wa mnyama. Sawa, tuseme tumekubali. Bado tuko kwa mtoto, hatujafika kwenye pembe.

Mbona nalivalia njuga jambo hili? Kwa sababu anayesema ‘pembe’ amelitazama sanamu, akasoma jina kutoka usoni mwake. Watamil hawakumpa mungu wao jina la kiungo cha mwili. Walimwita kama mtu anavyomwita mtoto wa nyumbani, wakaongeza heshima juu yake. Ukibadilisha maana hiyo, unawapokonya wenye jina uhusiano walioukusudia.

Basi anayetaka kutangaza undugu wa maneno, yawe ya Kitamil au ya Kiswahili, aulize kwanza: sauti zinakubali? Umbo linasemaje? Na wenye lugha wanamwita nani mwingine kwa jina hilo? Akikosa majibu, na anyamaze.