Kamba, Kitovu na Kivuli: Ufundi wa Kufunga Pepo

Mwanzoni mwa Inuyasha, manga (hadithi ya picha ya Kijapani) ya Rumiko Takahashi iliyoanza kutoka mwaka 1996, msichana wa shule aitwaye Kagome anaburutwa na jini mwenye umbo la tandu hadi ndani ya kisima cha kale, kwenye hekalu la Shinto la familia yake jijini Tokyo. Anaibukia zama za vita, karne kadhaa nyuma. Huko anamkuta kijana mwenye masikio ya mbwa amepigiliwa mshale kwenye mti mkubwa, yumo usingizini kwa miaka 50. Tandu anawafuata, hakuna wa kumkabili, na Kagome anaung'oa ule mshale.

Tazama fundi alivyopanga mambo. Msomaji ameoneshwa kifungo kabla hajajua kilichofungwa ni nini. Anayefungua hasukumwi na tamaa wala upumbavu, kasukumwa na shida, kwa hiyo hatuwezi kumlaumu. Na aliyefunguliwa alipowageukia haohao waliomwokoa, akavishwa shanga shingoni: Kagome akitamka tu "kaa!", jamaa anaanguka kifudifudi. Kifungo hakijaondoka, kimehama, kutoka mtini hadi kinywani mwa msichana. Vituko, mapenzi na ugomvi wa hadithi nzima, hadi ilipokwisha mwaka 2008, vinachota kwenye uhamisho huo.

Mzizi wa ufundi huu uko kwenye dini, ila wachoraji wameupindua. Katika Shinto, kamba nene ya mabua ya mpunga iitwayo shimenawa huzungushwa kwenye mti, jiwe au lango kuonesha kwamba hapo ni patakatifu. Kojiki, kitabu cha mwaka 712, kinasimulia jinsi Amaterasu, mungu wa jua, alivyojifungia pangoni na dunia ikaingia giza. Miungu wenzake walipomvuta nje, kamba ilipitishwa haraka nyuma yake ili asirudi tena. Yaani kamba ile ilikuwa ya kumzuia mungu asirudi pangoni. Kwenye manga, kamba hiyohiyo kazi yake ni kumzuia pepo asitoke.

Hata roho zenye hasira, Wajapani wa kale mara nyingi hawakuzitia gerezani. Sugawara no Michizane, msomi na kiongozi mkubwa, alifitiniwa akapelekwa uhamishoni Dazaifu, akafia huko mwaka 903. Yakafuata maafa, na mwaka 930 radi ikapiga jumba la mfalme mkuu. Watu waliamini ni kisasi chake. Walifanyaje? Walimrudishia cheo akiwa kaburini, na mwaka 947 akajengewa hekalu la Kitano huko Kyoto. Leo wanafunzi humwendea kumwomba wafaulu mitihani. Alitulizwa kwa kupewa makao na heshima, kama mzee aliyenuna akawekewa kiti cha mbele.

Sasa njoo kwa Naruto ya Masashi Kishimoto (1999 hadi 2014), ambayo hata asiyesoma manga ameisikia. Mbweha mwenye mikia tisa amefungiwa ndani ya mwili wa mtoto mchanga, na alama ya kifungo imechorwa kwa mzunguko kuzunguka kitovu. Ndani ya nafsi ya mtoto huyo tunaoneshwa lango la nondo, na juu yake kipande cha karatasi. Karatasi tu! Hapo ndipo ninapomvulia kofia Kishimoto. Mnyama anayeweza kubomoa mji anazuiwa na kitu ambacho mkono wa mtoto ungeweza kukibandua, na kila Naruto anapokasirika nguvu ya mbweha inavuja kidogo, nyekundu, ikimwunguza mwenyewe. Kifungo kisichovuja hakina hadithi. Gege Akutami, aliyeanza Jujutsu Kaisen mwaka 2018, analijua hilo pia: wanafunzi wanabandua karatasi kwenye kidole kilichokauka, usiku, shuleni, na balaa linaanza. Ila kadiri anavyoendelea, masharti ya vifungo vyake yanajaa maelezo, na fremu zinageuka ubao wa darasani.

Msomaji wa Kiswahili akifika kwenye kile kitovu lazima asimame. Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya Waswahili, naye siri yake iko kitovuni: silaha zote haziwezi kitu, isipokuwa sindano ya shaba ichomwe hapo. Mahali ni palepale, kazi ni kinyume. Kitovu cha Naruto ni mlango wa kutokea nguvu, cha Liyongo ni mlango wa kuingilia mauti. Na chetu hakibanduliwi, kinatobolewa kwa siri: mtoto wa Liyongo mwenyewe anatumwa amuulize baba yake, na baba anamwambia, japo anahisi ametumwa. Baada ya kuchomwa, Liyongo anakwenda kisimani, anapiga goti na upinde wake umevutwa, anafia pale. Mji unakosa maji kwa sababu hakuna anayethubutu kumsogelea. Mama yake analetwa ambembeleze kwa nyimbo. Siku kadhaa maiti inashika mji mzima mateka, hadi inapoanguka.

Lwanda Magere wa Wajaluo ni wa ukoo huohuo wa hadithi. Mwili wake ni jiwe, mikuki inadunda. Mke aliyeletwa kutoka kwa maadui anamkuta mgonjwa, anataka kumchanja amtie dawa, wembe haupiti. Mume anamwambia: chanja kivuli. Anachanja kivuli, damu inatoka. Usiku huo mke anatoroka kwenda kwao, na vitani mkuki unaelekezwa kivulini. Lwanda anageuka mwamba, na mwamba huo unaoneshwa hadi leo katika uwanda wa Kano, upande wa Kisumu. Husemwa wawindaji walinoa mikuki yao pale. Japani, huko Nasu, nao wana jiwe lao linalosimuliwa kuwa limemfungia mbweha wa mikia tisa. Machi 2022 lilikutwa limepasuka vipande viwili, kamba yake imelegea chini, na mitandao ikawaka moto.

Hofu ya manga, basi, ni nani atafungua. Hofu ya Liyongo na Lwanda ni nani atasema. Mchoraji akichanganya hizo mbili bila kujua anachanganya nini, hadithi inamponyoka.

Sasa tuseme kijana wa Mugango, mkoani Mara, Tanzania, anataka kuchora manga ya kwao, ziwa mbele yake na mawe makubwa ya Musoma nyuma. Jambo la kwanza litakalomjia ni kumfunga mzimu ndani ya jiwe, aweke kamba, amlete mtoto wa shule aikate. Itapendeza machoni. Lakini mizimu ya Mara haifanyi kazi hivyo. Kule Butiama, Mwitongo kwa akina Nyerere, kuna msitu wa Muhunda ambao Wazanaki wanauhusisha na mzimu wa jina hilo. Mzimu uko nyumbani kwake. Mashariki zaidi, Wanata, Waikoma na Wangoreme wana emisambwa: chemchemi, vilima na vichaka ambako wazee wa koo fulani walikwenda kutambika ili mvua inyeshe na nchi itulie. Balaa halitokani na mtu kufungua. Linatokana na watu kuacha kwenda.

Mwanahistoria Jan Bender Shetler, katika Imagining Serengeti cha mwaka 2007, amefuatilia simulizi za wazee wa eneo hilo. Hifadhi ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, mipaka ikachorwa, na baadhi ya mahali hapo patakatifu pakabaki upande wa wanyama. Kwa mtu anayetafuta njama ya hadithi, hii ni dhahabu: kifungo kipo, kina mpaka, kina mlinzi mwenye bunduki na sare, ila waliofungiwa nje ni watu. Shujaa hahitaji kung'oa kitu. Anahitaji kibali, na mzee mmoja anayeikumbuka njia, ambaye magoti yake hayatamfikisha mwakani.

Ugumu uko kwenye kalamu. Kamba inachoreka, karatasi inachoreka, mshale unachoreka. Kutotembelewa kunachorwaje? Labda njia iliyomezwa na nyasi fremu baada ya fremu, chungu cha tambiko kilichopinduliwa na nguruwe pori, mwaka wa pili wa mtama kukauka shambani. Ni kazi ya kurasa nyingi, na mhariri atalalamika kwamba hakuna kinachotokea. Nadhani wengi watakwama hapo na kurudia ile karatasi yenye maandishi ya Kijapani, kwa sababu hiyo msomaji anaielewa kabla hajafunua ukurasa wa pili.