Kata na Mtungi: Juu ya Vitabu vya Matabibu wa Nafsi

Wahenga walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Methali hii yafaa kuwa kipimo cha aina moja ya maandishi iliyoenea sana Ulaya na Marekani tangu mwanzo wa karne ya 20, yaani vitabu ambamo matabibu wa nafsi husimulia yaliyopita baina yao na watu waliowajia kutafuta nafuu. Tabibu wa namna hii hatumii kisu wala kikombe cha dawa. Chombo chake ni mazungumzo. Huketi na mgonjwa mara moja au zaidi kwa juma, akamsikiliza habari za huzuni, hofu, mapenzi na chuki, mpaka mambo yaliyofichika yakapata jina. Kwa kazi hiyo yeye ni kata: huingia ndani ya mtungi akajua kina cha maji yaliyomo. Aandikapo kitabu, huitoa siri hiyo mbele za watu. Kwa hiyo haitoshi mhakiki kuuliza kama siri imesimuliwa kwa lugha nzuri. Yampasa aulize pia imesimuliwa na nani, na mwenye siri amepewa nafasi gani ya kujibu.

Aghalabu vitabu hivi husifiwa kwa uwazi wake. Lakini uwazi una daraja. Kuna uwazi wa kumfunua mtu mwingine. Kuna uwazi wa kujifunua mwenyewe. Na kuna uwazi wa kumpa mwenzako kalamu ili akufunue yeye. Vitabu vitatu vyatosha kuonyesha daraja hizo.

Cha kwanza ni maandishi ya Sigmund Freud wa Vienna, yaliyotolewa mwaka 1905, juu ya msichana aliyemwita Dora. Msichana huyo alipelekwa kwake na baba yake mwaka 1900, akiwa na umri wa miaka 18. Alilalamika kwamba mume wa mtu, rafiki wa baba yake, alimtaka kwa njia isiyo ya heshima, na huku baba mwenyewe alikuwa katika mapenzi na mke wa mtu huyo. Freud hakumwona kuwa mwongo; lakini alishikilia kwamba chini ya hasira yake msichana alificha mapenzi kwa mtu yule yule aliyemkimbia. Dora hukana, na akanapo, kukana kwake hugeuzwa kuwa dalili ya kukubali. Baada ya majuma kama 11, tarehe 31 Desemba 1900, aliyakata matibabu kwa hiari yake, akaenda zake.

Freud hakuficha kushindwa kwake. Mwishoni mwa maandishi alikiri kwamba hakutambua mapema jinsi mgonjwa anavyomhamishia tabibu hisia alizokuwa nazo kwa watu wengine katika maisha yake. Hilo ni ungamo la kiungwana, na elimu nzima ya tiba hiyo imefaidika kwalo. Hata hivyo Dora hasemi neno ila kwa kinywa cha Freud, na Freud aliandika sehemu kubwa ya habari kwa kumbukumbu, msichana alipokwisha ondoka. Mwandishi mwenyewe alijua kwamba angeumia lau maandishi yale yangemfikia mkononi. Hapa mtungi umemiminwa wote, nao umekaa kimya.

Daraja ya pili huonekana katika Love's Executioner, kitabu cha hadithi 10 kilichotolewa mwaka 1989 na Irvin Yalom, daktari wa maradhi ya akili katika Chuo Kikuu cha Stanford, California. Yalom alipata idhini ya wagonjwa aliowaandika, akabadili alama za kuwatambulisha. Hadithi mojawapo ni ya mwanamke mnene sana aitwaye humo Betty. Tabibu haanzi kwa maradhi ya mgonjwa, bali kwa aibu yake mwenyewe: anakiri kwamba wanawake wanene humchukiza, na kwamba aliyachukua matibabu hayo ili aishinde chuki ile.

Ungamo hili lina ushujaa. Lakini lina hatari pia, maana mwenye kutangaza aibu yake kabla hajashtakiwa humpokonya mshtaki silaha. Msomaji humstahi tabibu kwa ukweli wake, na kwa kumstahi aweza kusahau aliyedharauliwa. Kinachoiokoa hadithi hiyo ni maneno ya Betty yaliyo karibu na mwisho, amwambiapo tabibu kwamba aliona jinsi alivyoepuka kumtazama. Yote ambayo tabibu alidhani ni siri ya moyo wake, mgonjwa alikuwa ameyasoma usoni. Wahenga walisema juu ya elimu ya kata. Hawakusema kwamba mtungi nao huijua kata iuingiapo. Lakini jambo hilo hupita upesi, na kalamu imebaki kwa tabibu.

Daraja ya tatu yapatikana katika kitabu kilichotangulia hicho kwa miaka 15. Mwaka 1974 Yalom alitoa, pamoja na mwanamke aliyepewa jina la Ginny Elkin, kitabu kiitwacho Every Day Gets a Little Closer, maana yake Kila Siku Husogea Karibu Kidogo. Asili yake ni mapatano. Ginny alikuwa mwandishi ambaye kalamu yake imekwama, tena hakuwa na fedha za kulipa ada. Yalom akamtaka alipe kwa maandishi: baada ya kila kikao aandike aliyoyaona na kuyahisi, naye tabibu angefanya vivyo hivyo, kisha, kila baada ya miezi kadhaa, wabadilishane karatasi wasome. Ndivyo kitabu kilivyojengwa: kikao kimoja, mashahidi wawili.

Msomaji alinganishapo ushahidi huo huingiwa na shaka kama kweli wawili hawa walikuwa katika chumba kimoja. Tabibu aliyathamini maelezo yake ya hekima, aliyoyafuma kwa ustadi ili kumwonyesha Ginny mizizi ya mashaka yake. Ginny aliyagusa kwa nadra. Aliyoyaweka moyoni ni mambo ambayo tabibu hakuyahesabu kuwa tiba: neno jema juu ya mavazi yake, kuombwa radhi kwa kuchelewa, kicheko cha kweli alipofanya mzaha. Hapo ndipo kitabu kinapotoa fundisho ambalo Freud hakuweza kulitoa kwa akili yake yote. Tabibu akiachwa peke yake na kalamu, angeandika kwa moyo safi kitabu juu ya ustadi wake, na kitabu hicho kingekuwa na kosa.

Wako watakaopinga kwamba mgonjwa si hakimu wa dawa. Anywaye mchanganyiko wa mizizi hajui ni mzizi upi uliomponya. Hoja hiyo ni nzito kwa maradhi ya mwili. Lakini katika tiba ambayo dawa yake ni uhusiano wa watu wawili, namna mgonjwa anavyouona uhusiano huo ni sehemu ya dawa yenyewe. Carl Rogers wa Marekani, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1957, alitaja miongoni mwa masharti ya nafuu kwamba haitoshi tabibu kumwelewa na kumthamini mtu; sharti mtu huyo aone, walau kwa kiasi, kwamba anaeleweka na kuthaminiwa. Wema usiomfikia mwenziwe bado haujawa tiba.

Kitabu cha kalamu mbili kina ila zake. Kila mmoja aliandika akijua kwamba mwenzake atasoma, na ajuaye hivyo hupamba. Ginny huonekana mara nyingi akijidharau kwa mzaha, kama mwanafunzi atakaye kusamehewa kabla ya kukosea. Ila iliyo kubwa iko kwenye jalada. Yalom amesimama hapo kwa jina lake. Ginny amesimama kwa jina la kubuni. Jina hilo lilimsitiri, na sitara ni haki ya mgonjwa. Hata hivyo mwandishi aliyekuja kwa sababu kalamu yake imekwama alipata kitabu ambacho hakuweza kukionyesha watu na kusema kwamba ni chake. Tabibu alipata sifa. Mgonjwa alipata nafuu na ulinzi. Haki ilikaribia, lakini haikuwa sawa.

Pamoja na ila hiyo, kitabu cha mwaka 1974 chastahili kuwekwa juu ya vile viwili. Freud alifunua, Yalom wa mwaka 1989 aliungama, lakini hapa tu ndipo mwenye kusimuliwa alipopata kusimulia. Tabibu ajapokuwa mkweli kiasi gani, ukweli wake ni nusu ya habari. Anayetaka kuandika kwa uwazi juu ya nafsi za watu na amwachie mwenzake ukurasa, hata kama ukurasa huo utapunguza sifa zake. Kata yaujua mtungi, na mtungi nao ungepewa ulimi ungekuwa na la kusema.