Mpanda Farasi na Yule Asiye na Jina: Uhakiki wa Makumbusho ya Corinium

Makumbusho ya Corinium, katika mji wa Cirencester nchini Uingereza, hutunza historia ya wilaya moja, lakini sifa yake kubwa hutokana na vitu vya Kirumi. Zamani za Dola ya Rumi mji huo uliitwa Corinium, nao ulihesabiwa kuwa wa pili kwa ukubwa katika Britania baada ya London. Humo mna sakafu za vijiwe vya rangi, sanamu za miungu na mawe ya makaburi. Hatukusudii kuvieleza vyote. Twataka kuuliza jambo moja tu: Mkristo aingiapo humo hutafuta nini, na hupita nini bila kukitazama?

Mara nyingi hutafuta kipande cha lipu ya ukuta kilichopatikana mwaka 1868. Juu yake yameandikwa maneno matano, ROTAS OPERA TENET AREPO SATOR, ambayo husomeka vilevile kwa kulala na kwa kusimama, kutoka mwanzo na kutoka mwisho. Katika miaka ya 1920 wataalamu walionyesha kwamba herufi hizo 25, zikipangwa upya, hutoa PATER NOSTER, yaani Baba Yetu, mara mbili kwa umbo la msalaba. Hubaki A mbili na O mbili, Alfa na Omega. Tangu hapo wengi wamekishika kipande hiki kuwa ushahidi wa Wakristo wa kwanza wa Britania.

Nasi tulivutwa. Hata hivyo maneno yaleyale yalipatikana Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79. Je, walikuwapo huko Wakristo waliosali kwa Kilatini, tena waliotumia ishara ya Alfa na Omega kabla ya Kitabu cha Ufunuo, ambacho wataalamu wengi hukiweka mwishoni mwa karne ya kwanza? Jambo hili halikanushiki kabisa, wala halithibitiki. Mhubiri alitangazaye mimbarani kuwa ni hakika, akopa asichoweza kulipa. Msharika akija kugundua, hataishuku lipu tu, bali na Injili iliyoegemezwa juu yake.

Katika makumbusho hayohayo yamo mawe mawili ya makaburi ya askari wapanda farasi wa karne ya kwanza. Mmoja ni Dannicus, wa kabila la Raurici, karibu na Basel ya leo, aliyetumikia jeshi miaka 16. Wa pili ni Sextus Valerius Genialis, Mfrisia, aliyekufa akiwa na miaka 40. Wote wawili walitoka katika makabila ya mipakani, wakalitumikia jeshi la dola. Juu ya kila jiwe mpanda farasi ameinua mkuki, na chini ya kwato amelala mtu aliyeshindwa. Mpanda farasi ana jina, kabila, kikosi na miaka ya utumishi. Aliye chini hana hata herufi moja.

Twajua kwamba umbo hilo lilikuwa desturi ya wachongaji, wala si picha ya mtu fulani. Lakini hilo ndilo litishalo zaidi: mtu aliyekanyagwa amekuwa pambo. Hatuyalaumu makumbusho kwa kutotaja jina lisilojulikana. Twasema tu kwamba elimu ifuatayo maandishi peke yake humpa sauti yule ambaye warithi wake waliweza kumlipa mchongaji. Mtazamaji naye hana budi kuinamisha macho, atazame chini ya kwato.

Kwa mwanatheolojia kuinamisha macho ndiyo kazi yake hasa. Bwana wetu aliuawa na askari wa dola hiyohiyo, kwa adhabu waliyopewa watumwa na waasi. Kwa hesabu ya Rumi, naye alikuwa mmoja wa walio chini ya kwato. Lakini katika Imani ya Mitume mambo yamegeuzwa: jina la Pontio Pilato, mtawala, hutajwa kila Jumapili kwa sababu tu ya yule aliyemhukumu.

Basi, wanafunzi wetu wakipata nafasi ya kufika Cirencester, waione lipu ile na kuistaajabia, bila kuilazimisha iseme zaidi ya ilivyosema. Kisha wasimame mbele ya mawe yale mawili kwa muda mrefu zaidi. Hapo mna hubiri lisilohitaji fumbo kufumbuliwa.