Hesabu za Walinzi wa Mwisho

Wapo watu wanaotumia jioni zao kupima maisha ya wachezaji ambao hawakuzaliwa na yeyote. Mchezaji wao ana jina lililotungwa na kompyuta, ana umri, ana klabu, ana mshahara, na ana safu za tarakimu zinazorefuka msimu baada ya msimu. Huingia ligini akiwa na miaka 22, hupanda, huchoka, hustaafu. Kisha wenye ligi huketi na kuulizana: huyu, na yule aliyestaafu misimu kumi kabla yake, nani zaidi? Naipenda kazi hiyo, na naihesabu kuwa ufundi kamili, wenye kanuni zake, wazembe wake na mabingwa wake. Na ufundi huo hupata mtihani wake mkubwa pale wanaolinganishwa wanapokuwa masefti wa futiboli ya Marekani.

Futiboli hiyo huchezwa na watu 11 kila upande. Timu inayoshambulia humtegemea kwotabeki, mrushaji anayesimama nyuma ya ukuta wa wenzake na kuutupa mpira kwa mkono hadi kwa wapokeaji wanaokimbia mbele. Upande wa pili, nyuma ya walinzi wote, husimama masefti, kwa kawaida wawili. Sefti huru hukaa mbali, akiyasoma macho ya kwotabeki ili auwahi mpira. Sefti wa nguvu husogea karibu na mstari ambapo mchezo huanzia, ili akabiliane na wakimbiaji na wapokeaji wenye miili mikubwa. Nyuma yao hakuna mtu tena. Konabeki, mlinzi wa pembeni anayemfuata mpokeaji, akiteleza, sefti yupo. Sefti akiteleza, ubao wa matokeo hubadilika.

Ugumu wa kuwalinganisha unaanzia hapo. Sefti hodari kuliko wote ni yule ambaye kwotabeki humtupia jicho, akaghairi, akarusha mpira kwingine. Tendo hilo halina safu kwenye jedwali. Mlinzi wa usiku aliyeifanya kazi yake sawasawa hana la kusimulia asubuhi, na tajiri asiye na busara anaweza kudhani alilala. Wanaocheza Fantasy Premier League, mchezo wa kuunda timu za kubuni za soka la Uingereza, Nairobi na Dar es Salaam wanaijua dhuluma hii. Kwa miaka mingi beki wao alipewa pointi 4 timu isipofungwa, hata kama mpira haukumfikia, ilhali kazi yake mwenyewe ya kuzuia na kuondosha hatari haikuwa na pointi zake maalumu. Ni msimu wa 2025/26 ndipo beki alipoanza kupata pointi 2 za ziada akifikisha vitendo 10 vya ulinzi katika mechi. Nilifurahi kuliona badiliko hilo, ingawa nalo linahesabu alichofanya tu. Alichokizuia kisitokee bado hakihesabiki.

Ufundi wenyewe ni mkongwe kuliko kompyuta za nyumbani. Mwaka 1951 J. Richard Seitz wa Pennsylvania alianza kuuza APBA, mchezo wa besiboli wa kadi na dadu ambamo kila kadi ilibeba msimu wa mchezaji halisi. Hal Richman, aliyekuwa akilifanyia kazi wazo kama hilo tangu utotoni, alitoa Strat-O-Matic mwaka 1961, na futiboli yake ikafuata mwaka 1968. Mtu aliweza kuendesha msimu mzima mezani, akiandika kwa penseli nani alinasa pasi na nani alifunga. Mwaka 1998 Jim Gindin akatoa Front Office Football, programu ambamo mwenye klabu hagusi mpira kabisa: husajili, hutia saini mikataba, hupanga mbinu, na kompyuta hucheza mechi. Wakusanye watu 32, mpe kila mmoja klabu yake, mteue kamishna wa kupokea maagizo na kuendesha kila wiki, na umepata ligi inayoweza kuishi zaidi ya vizazi kadhaa vya wachezaji wake.

Anayetaka kujifunza kulinganisha na aanze na masefti wa kweli, kwa kuwa makosa yote ya ligi za kuigiza yalishafanywa juu yao.

Paul Krause alinasa pasi 81 za wapinzani kati ya 1964 na 1979, akiwa Washington kisha Minnesota, na hakuna aliyemfikia hadi leo. Emlen Tunnell wa New York Giants, aliyemalizia Green Bay, ana 79. Ed Reed, aliyeingia Baltimore mwaka 2002, ana 64. Mzembe huzisoma namba hizo tatu kutoka juu kwenda chini, akafunga daftari. Fundi huuliza kwanza: katika mechi ngapi? Krause alicheza mechi 226, Reed 174, Tunnell 167. Ukigawa, Tunnell ana karibu pasi 47 kwa kila mechi 100, Reed karibu 37, Krause karibu 36. Orodha imepinduka, na kazi ndiyo kwanza inaanza.

Swali linalofuata ni la zama. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Tunnell alipokuwa katika ubora wake, zaidi ya pasi 6 katika kila 100 zilizorushwa ligini ziliishia mikononi mwa walinzi. Krause alipoanza zilikuwa kama 5. Katika miaka ya Reed zilikuwa karibu 3. Kati ya zama hizo palitokea mengi, na kubwa ni kanuni za 1978 zilizomkataza mlinzi kumgusa mpokeaji akishavuka yadi tano kutoka mstari, zikawaruhusu pia wanaomkinga kwotabeki kunyoosha mikono. Makocha nao walihamia kwenye pasi fupi zilizo salama. Mpira ulirushwa mara nyingi zaidi kuliko zamani, lakini ulipotea mara chache. Pasi 64 za Reed zilinaswa katika zama za ubahili. Ukiziweka kwenye mizani pamoja na idadi ya pasi zilizokuwa zikinaswa na timu ya kawaida wakati ule, anawapita wote wawili, na kwa maoni yangu anawapita kwa mbali.

Hata urefu wa msimu ni mtego. Tunnell alicheza zaidi katika misimu ya mechi 12. Krause aliona misimu ya 14 na mwisho 16. Tangu 2021 ni 17. Rekodi ya msimu mmoja isiyoandikwa pamoja na idadi ya mechi haina maana kwangu.

Tunnell asije akadhaniwa ni wa kupunguzwa tu. Mwaka 1952, katika mechi 12, alikimbia yadi 924 kwa mipira aliyoinasa na ile ya mateke aliyoirudisha, zikazidi yadi 894 za mkimbiaji aliyeongoza ligi nzima. Alikuwa mlinzi. Alikuwa pia mchezaji wa kwanza Mweusi wa Giants, mwaka 1948, na mwaka 1967 akawa Mweusi wa kwanza kuingizwa katika Ukumbi wa Umaarufu wa futiboli kule Canton, Ohio. Mtu anayelinganisha majedwali bila kujua mlango uliokuwa umefungwa kwa nani, na kwa muda gani, analinganisha makaratasi matupu.

Baada ya idadi, ubora. Reed aliporudi na pasi alizozinasa alikimbia jumla ya yadi 1,590, ambayo ni rekodi. Karibu yadi 25 kwa kila pasi. Krause alikimbia 1,185, chini ya 15 kwa pasi. Kwa Krause, kunasa pasi kulilimaliza shambulio la adui. Kwa Reed, kulianzisha shambulio lake mwenyewe. Novemba 2008, dhidi ya Philadelphia, aliudaka mpira ndani ya eneo la mwisho la upande wake na kukimbia yadi 107 hadi kufunga, umbali ambao hakuna aliyeuzidi kwa pasi iliyonaswa. Safu ya idadi inaandika 1. Inaandika 1 vilevile kwa sefti aliyedakishwa mpira wa kubahatisha dakika ya mwisho, mechi ikiwa imeshaamuliwa.

Nafasi ndiyo inayonishughulisha zaidi, kwa sababu ndiyo inayosahaulika upesi. Troy Polamalu wa Pittsburgh alinasa pasi 32, nusu kamili ya Reed. Walikuwa mahasimu wa kundi moja, wakikutana mara mbili kila msimu, na wote wawili walitajwa kuwa mlinzi bora wa mwaka: Reed 2004, Polamalu 2010. Je, mmoja ni nusu ya mwenzake? Polamalu alitumwa kila mahali. Sasa yuko nyuma kabisa, sekunde mbili baadaye anaruka juu ya mstari mpira unapoanza, anamwangusha mkimbiaji kabla hajapiga hatua. Alimwangusha kwotabeki mara 12, Reed mara 6. Januari 2009, katika mechi iliyoamua nani aende fainali ya Super Bowl, Reed akiwa upande wa pili wa uwanja, Polamalu ndiye aliyenasa pasi ya Joe Flacco, kwotabeki wa Baltimore, na kuirudisha yadi 40 hadi kufunga. Namweka Reed juu yake, lakini kwa wembamba wa uzi, na aliyetoa hukumu hiyo kwa kutazama 64 na 32 pekee amepata jibu bila kufanya kazi.

Seattle ni darasa jingine. Kam Chancellor alinasa pasi 12 tu katika misimu minane. Mwenzake Earl Thomas alikuwa na zaidi ya mara mbili ya hizo. Lakini kuanzia 2012 hadi 2015 timu yao iliruhusu pointi chache kuliko timu zote, misimu minne mfululizo, na Thomas aliweza kuilinda nyuma yote peke yake kwa sababu Chancellor alikuwa mbele akivunja kila kitu. Umwandike mmoja bila mwenzake na umewaandika wote vibaya.

Na kuna safu zisizokuwapo kabisa. Kumwangusha kwotabeki kulianza kuhesabiwa rasmi mwaka 1982. Larry Wilson wa St. Louis, aliyeifanya mbinu ya kumtuma sefti moja kwa moja kwa kwotabeki ijulikane katika miaka ya 1960, hana hesabu rasmi ya kazi hiyo hata moja. Mwaka 1965 alinasa pasi dhidi ya Pittsburgh mikono yake yote miwili ikiwa imefungwa plasta ngumu kwa kuvunjika. Jedwali lake linasema pasi 52 na kunyamaza.

Sasa turudi kwenye ligi za kuigiza. Huko mambo mawili yamegeuka. Kompyuta inaweza kuhesabu kila kitu tangu mechi ya kwanza: sefti alikuwa uwanjani mara ngapi, mpira ulirushwa upande wake mara ngapi, ngapi alizipangua, ngapi zilimpita. Wilson wa ligi hiyo hawezi kupotelewa na kazi yake. Lakini hakuna aliyemwona. Hakuna mzee wa kusema nilikuwapo siku ile, mikono yake ilikuwa kwenye plasta. Anayelinganisha ndiye shahidi pekee, na ndiyo sababu uzembe wake ni mzito kuliko wa mwandishi wa michezo wa Boston au Chicago. Akikosea, hakuna filamu ya kumrekebisha.

Tuseme mmoja ana pasi 50 katika mechi 200, na wa pili 38 katika mechi 130. Fundi hugawa, anaona wa pili yuko mbele, kisha anakataa kuridhika. Anauliza mpira ulirushwa kwao mara ngapi, kwa sababu anayerushiwa sana huenda ndiye anayedharauliwa, na aliyenasa pasi chache huenda ndiye aliyeogopwa. Anatazama makonabeki waliocheza mbele yao. Anatazama kama klabu ilikuwa ikiongoza mara nyingi, maana timu iliyo nyuma hurusha ovyo dakika za mwisho na kumjaza sefti wa mpinzani pasi za bure. Anatazama pia mwaka ambao kamishna aliweka toleo jipya la programu, kwa kuwa toleo jipya linaweza kuwapandisha warushaji wote kwa usiku mmoja, na hiyo ndiyo 1978 ya ligi hiyo. Msimu wa kabla na msimu wa baada haiwezi kuwekwa kwenye mstari mmoja bila kusahihishwa.

Nimesoma ulinganisho wa namna hiyo ulioandikwa na watu ambao hawatalipwa senti, kuhusu wachezaji ambao hawatashukuru, na nimeona ndani yake uangalifu ambao naukosa katika kurasa nyingi za michezo ya kweli. Mwandishi anamtafutia haki sefti wa nguvu aliyenasa pasi chache, anaonyesha kwamba klabu iliporomoka msimu alioumia, anawataka wenzake wampigie kura ya kuingia katika ukumbi wa ligi. Wengine wanamjibu kwa hesabu zao. Wakati mwingine anashindwa, na msimu unaofuata anarudi na jedwali bora zaidi.

Kama una ligi ya aina hiyo, au unafikiria kuianzisha, nakuomba mambo mawili. Hifadhi faili za kila msimu kabla hujaufungua mwingine. Na unapoandika idadi ya pasi ambazo sefti amezinasa, andika pembeni yake idadi ya mechi na idadi ya mara mpira uliporushwa upande wake.